Leseni ya umeme na fundi mitambo wa redio na televisheni: kazi ipi ni yako, ipi si yako

Transmita ya valvu, yaani mtambo wa kurushia matangazo, ina volti elfu kadhaa ndani ya kabati lake, na katika nchi nyingi fundi mitambo anayelifungua kabati hilo haulizwi leseni ya umeme. Ukutani nyuma ya transmita hiyo hiyo kuna soketi ya volti 230. Fundi huyo huyo akiisogeza soketi mita moja kando, huenda amevunja sheria.

Wengi wetu jambo hili hutukera. Mtu amesomea elektroniki miaka, amefunga mitambo ya kilowati kumi, halafu anaambiwa asiguse waya wa soketi. Lakini sheria za leseni za umeme hazikutungwa kupima nani anajua zaidi. Zilitungwa kulinda jengo na watu walio ndani yake, pamoja na mtu atakayekuja kufungua ubao wa breka miaka kumi baadaye akiamini kwamba kila kitu kimefungwa kwa kanuni moja. Kwa hiyo zinasimamia mfumo wa nyaya za jengo. Kifaa kilichounganishwa kwenye mfumo huo kina kanuni zake nyingine. Hata viwango vya kimataifa vimetenganishwa hivyo: IEC 60364 ni cha nyaya za majengo, na IEC 60215 ni cha usalama wa mitambo ya kurushia matangazo. Mwongozo huu unafuata mstari unaopita kati ya hivyo viwili: namna ya kuuona, kuuchora, na kufanya kazi pande zake zote mbili bila kituo kuzimika wala mtu kuumia.

Hatua ya 1: Jua sheria ya ulipo ni ya aina gani

Usianze kwa kuuliza "nahitaji leseni?" Uliza kwanza sheria inamshika nani. Kuna namna tatu za kawaida.

Ya kwanza ni sheria inayotaka mtu mwenyewe awe na leseni, tena kwa madaraja. Kenya leseni hizi hutolewa na EPRA, Tanzania na EWURA, Uganda na ERA, mamlaka zinazosimamia umeme katika nchi hizo. Daraja ndilo huamua ukubwa wa kazi, kwa mfano kama mwenye leseni anaruhusiwa kugusa fezi tatu au msongo wa juu. Australia ni miongoni mwa nchi kali zaidi katika kundi hili, ila ina kitu ambacho wengine wangefaa kukiiga: katika majimbo kadhaa zipo leseni zenye mipaka kwa mafundi wa fani nyingine, ambao kazi yao inawalazimu kufungua nyaya za kifaa na kuzirudisha palepale.

Ya pili ni sheria inayoangalia umahiri badala ya kipande cha kadi. Mfano wake ni Uingereza, ambako kanuni za umeme kazini za mwaka 1989 zinataka anayefanya kazi yenye hatari awe na ujuzi au uzoefu wa kutosha, au asimamiwe na aliye nao. Inaonekana nyepesi, lakini mzigo wa kuthibitisha unaangukia kituo. Ajali ikitokea utaulizwa mafunzo yako yako wapi na nani alikuidhinisha kwa kazi ile.

Ya tatu ni mchanganyiko, na Marekani ndiyo mfano wake. Hakuna leseni moja ya taifa zima. Majimbo kama Pennsylvania na Illinois yameziachia serikali za mitaa leseni za mafundi umeme, ilhali jimbo la Washington lina orodha ndefu ya leseni za fani moja moja, ikiwamo ya mifumo ya nishati ndogo. Huko, hata kuvuta waya wa mtandao au wa spika kwa malipo kunaweza kuhitaji leseni. Kanuni ya umeme ya nchi hiyo, NEC, hutolewa upya kila baada ya miaka mitatu, na ndani yake kuna kipengele kinachoyaacha nje maeneo yaliyo chini ya mamlaka kamili ya mashirika ya mawasiliano. Mafundi mitambo wengi hukisoma na kufurahi. Usijiweke humo kwa kujisomea mwenyewe. Kituo cha redio na shirika la mawasiliano si lazima viwe kitu kimoja machoni pa mkaguzi, na yeye ndiye mwenye kauli.

Ukishajua aina, soma mambo manne tu katika sheria yenyewe: tafsiri ya "kazi ya umeme", misamaha, kima cha volti ambacho sheria inaanzia, na adhabu. Hapo kwenye volti kuwa macho. Kwa lugha ya IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, "msongo mdogo" ni chochote hadi volti 1000 za AC au 1500 za DC, kwa hiyo soketi ya 230 na fezi tatu za 400 zote zimo. Fundi wa studio akisikia msongo mdogo anafikiria 12 au 48. Hizo zake huitwa msongo mdogo sana, na kikomo chake cha kawaida ni volti 50 za AC au 120 za DC. Ukichanganya hivi viwili, unaweza kusoma msamaha usiokuhusu na kuufanyia kazi.

Jambo moja zaidi kabla hatujaenda mbele. Leseni ya masafa ya kituo haimpi mtu ruhusa ya kugusa nyaya za jengo. Usajili wa uhandisi nao, kwa kawaida, haumpi ruhusa hiyo. Hali kadhalika vyeti vya hiari vya fani yetu, kama vile vinavyotolewa na Society of Broadcast Engineers ya Marekani: vinaonyesha ujuzi wa utangazaji, havimfanyi mtu fundi umeme.

Hatua ya 2: Chora mpaka kwa mkono wako

Chukua karatasi kubwa. Anza kwenye mita, ufuate njia ya umeme hadi kwenye kila mtambo: swichi kuu, chenjiova (swichi ya kuhamisha jengo kati ya umeme wa gridi na jenereta), ubao wa breka, breka ya transmita, swichi ya kutenga iliyo karibu na transmita, halafu transmita yenyewe. Fanya vivyo hivyo kwa studio, UPS (mtambo wa betri unaoshika umeme ukikatika), kiyoyozi, taa za mnara na jenereta.

Sasa weka alama nyekundu mahali ambapo nyaya za jengo zinakoma na kifaa kinaanza. Kwa kifaa cha plagi, mpaka ni soketi. Kwa mtambo uliofungwa moja kwa moja, mara nyingi ni vituo vya kuunganishia vya swichi ya kutenga, au vile vya transmita yenyewe. Tofauti kati ya sehemu hizo mbili ni kubwa. Ule waya kati ya swichi na transmita ni wa nani? Sheria zingine zinauhesabu kama sehemu ya jengo, zingine kama sehemu ya kifaa. Uulize mamlaka ya umeme kwa maandishi, na jibu lao ulibandike kwenye mchoro.

Mchoro huu utakuonyesha pia kitu kizuri: kila mahali unapoweza kuweka plagi na soketi za viwandani badala ya kufunga moja kwa moja, unajipatia uhuru. Plagi za IEC 60309, zile za buluu za volti 230 na nyekundu za 400, zipo za ampea 16, 32, 63 na 125. Kipoza hewa cha dharura, raki nzima ya vifaa, hata transmita ya akiba ya ukubwa wa kati vinaweza kuwa vya kuchomeka. Soketi inafungwa mara moja na mwenye leseni, inapimwa, inaandikiwa cheti. Baada ya hapo kubadilisha mtambo ni kuchomoa na kuchomeka. Ningekuwa na bajeti ya jambo moja tu katika kituo kidogo, ningeitumia hapa.

Hatua ya 3: Gawa kazi mafungu matatu

Fungu la kwanza ni zako bila ubishi: kila kitu ndani ya transmita, exaita (inayotengeneza mawimbi ya awali), kombaina (inayounganisha transmita kadhaa kwenye antena moja), antena na fida (waya unaopeleka mawimbi kwenye antena), saketi za sauti na picha, nyaya za kudhibiti mitambo kwa mbali, betri za mifumo ya DC ndogo. Kusema ni zako hakumaanishi ni salama. Kapasita ya maikrofaradi 10 iliyochajiwa hadi volti 8000 imebeba jouli 320, na haijali kwamba umezima breka. Ndoano ya ethi, ya kupeleka umeme ardhini, iliyoning'inia kwenye mlango wa transmita ya valvu ipo kwa sababu hiyo: zima, funga kufuli, ngoja, pima, gusisha ndoano, uiache imening'inia palepale hadi umalize.

Fungu la pili ni za mwenye leseni: saketi mpya, breka mpya kwenye ubao, kuhamisha au kuongeza soketi, kubadilisha ukubwa wa waya, chenjiova, kuunganisha jenereta, ethi kuu ya jengo.

Fungu la tatu ndilo lenye utata, na ndilo litakalokusumbua: kubadilisha breka iliyokufa kwa nyingine ya aina na ukubwa uleule, balbu na fotoseli ya taa za mnara, feni ya kutoa joto iliyofungwa moja kwa moja, waya wa UPS kubwa. Sheria nyingi zina msamaha wa kubadilisha kitu kwa kingine cha namna ileile, na zingine zina msamaha kwa mwajiriwa anayefanya matengenezo kwenye jengo la mwajiri wake. Angalia neno "mwajiriwa" kwa makini. Fundi mitambo wa mkataba anayehudumia vituo vitano si mwajiriwa wa hata kimoja, na msamaha huo humpita. Mafundi wengi wa fani yetu siku hizi ni wa mkataba, kwa hiyo hili si jambo dogo.

Orodha ya mafungu yote matatu ipelekwe kwa meneja na isainiwe. Meneja asiyejua mpaka ndiye atakayekupigia simu Ijumaa jioni akuambie "weka tu soketi pale, ni dakika tano".

Hatua ya 4: Mpe fundi umeme hesabu, usimpe kazi ya kubahatisha

Fundi umeme mwenye leseni anajua nyaya. Huenda hajawahi kuona transmita. Ukimwambia "ni ya kilowati tano" ataandika kilowati tano kwenye hesabu yake. Wewe unajua hizo ni kilowati za mawimbi yanayotoka. Transmita ya FM ya kilowati 5 yenye ufanisi wa asilimia 70 inavuta takriban wati 7,140 kutoka ukutani. Kwa fezi moja ya volti 230 hiyo ni ampea 31. Kwa fezi tatu za 400 ni ampea 10 na kidogo kwa kila fezi. Tena huo ni mzigo wa saa 24, siku zote, na breka au waya uliokadiriwa kwa mzigo wa kupanda na kushuka utapata moto. Mwandikie hivyo kwa maneno: mzigo endelevu, usiopumzika.

Mwandikie pia joto. Zile wati 2,140 zisizopanda kwenda antena zinabaki chumbani, na kiyoyozi cha kuziondoa nacho kinataka saketi yake.

Hatua ya 5: Ethi, mahali pa ugomvi

Hapa ndipo fundi mitambo na fundi umeme hugombana zaidi, na mara nyingi fundi mitambo ndiye mwenye makosa. Mngurumo ukisikika kwenye spika, kuna anayependekeza kuchimbia rodi ya peke yake kwa ajili ya studio, "ethi safi", isiyogusana na ethi ya jengo. Piga hesabu uone. Tuseme rodi hiyo ina ohmu 20, na ethi ya transfoma mtaani ina ohmu 5. Waya wa laivu ukigusa bodi ya mikisa, umeme unaopita ardhini ni volti 230 kugawa ohmu 25, yaani ampea 9.2. Breka ya ampea 16 haitashtuka kamwe. Bodi ya mikisa itakaa na volti 184, ikimsubiri mtangazaji.

Radi nayo ina hesabu yake. Mpigo wa ampea 30,000 ukishuka kwenye mnara wenye ethi ya ohmu 10, mnara unapanda hadi volti 300,000 juu ya ardhi ya mbali. Kama ethi ya studio haijaunganishwa na ya mnara, tofauti hiyo itatafuta njia ya kupita, na njia iliyopo ni waya wako wa sauti, kadi ya mtandao na ingizo la transmita. Kwa hiyo rodi ziwe nyingi utakavyo, lakini zote zifungwe pamoja, na fida zote ziingie jengoni kupitia bamba moja la shaba lililofungwa kwenye ethi hiyo.

Mgawanyo wa kazi uwe hivi: pete ya ethi ya mnara, bamba la fida na waya za kuunganisha raki unaweza kuzipanga na mara nyingi kuzifunga mwenyewe. Kiungo kinachokutanisha mfumo wako na ethi kuu ya jengo kifungwe na mwenye leseni, na kionekane kwenye cheti chake. Mngurumo utibu kwa transfoma za sauti na nyaya za balansi. Usiutibu kamwe kwa kukata pini ya ethi kwenye plagi.

Hatua ya 6: Jenereta, chenjiova, UPS na RCD

Jenereta isiunganishwe kamwe kwa waya wenye plagi dume pande zote mbili. Ukisahau kuzima swichi kuu, umeme wako unarudi nyuma hadi transfoma ya mtaa, ambayo inaupandisha badala ya kuushusha, na fundi wa shirika la umeme aliyepanda nguzo akijua laini imekufa anakuta volti 11,000. Chenjiova, ya mkono au ya kujiendesha, ni kazi ya leseni, hakuna mjadala.

Ila kuna swali moja ambalo lazima uliulize wewe, kwa sababu ni vifaa vyako vitakavyoungua jibu likiwa baya: chenjiova inahamisha nyutro (waya wa kurudishia umeme), au inahamisha fezi peke yake? Ikihamisha nyutro, jenereta inakuwa chanzo kinachojitegemea na nyutro yake lazima iunganishwe na ethi upande wake. Isipohamisha, muunganisho huo haufai kuwekwa mara ya pili. Nyutro ikiachwa inaelea, breka na RCD (breka inayohisi umeme unaovuja) hazitafanya kazi kama zilivyotarajiwa. Ikifungwa mara mbili, umeme wa nyutro utatembea kwenye ngao za waya zako za sauti. UPS kubwa inaleta swali hilohilo inapokwenda kwenye betri, na jibu linategemea muundo wake. Lisomwe kwenye kitabu cha mtengenezaji, mkiwa wawili.

Kuhusu RCD, ile breka inayohisi umeme unaovuja. Kila kifaa chenye pawasaplai ya kisasa kina kichujio kinachovujisha kidogo kwenda ethi, na hilo ni la kawaida. Raki yenye vifaa kumi, kila kimoja kikivujisha miliampea 2, inafika 20. RCD ya miliampea 30 inaruhusiwa kushtuka popote kati ya 15 na 30. Kwa hiyo kituo kinazimika usiku bila hitilafu yoyote, na mtu anashawishika kuitoa. Kuitoa ni kuvunja sheria kwa njia rahisi kabisa ya kukamatwa nayo. Dawa ni kugawa raki kwenye saketi mbili au tatu zenye kinga zake, au kutumia aina ya kinga ambayo kanuni za mahali zinaruhusu kwa raki zilizofungwa moja kwa moja. Pima uvujaji kwa klampumita ya miliampea, mpe mwenye leseni namba, naye apange saketi.

Hatua ya 7: Siku ya kupima

Usimwache fundi umeme apime peke yake. Kipimo cha uhami wa nyaya, kile mafundi wanachokiita kupima mega, hupeleka volti 500 za DC kwenye saketi, na kiwango cha chini kinachokubaliwa ni megaohmu 1. Kama raki yako bado imechomekwa, pawasaplai zinaweza kufa hapohapo. Kama vizuia radi bado viko kwenye saketi, vitaonyesha nyaya ni mbovu hali si mbovu. Chomoa kila kitu, vizuia radi vitenganishwe, halafu apime. Muda wa kuzima upangwe mapema na chumba cha habari, maana hakuna anayependa kukatizwa katikati ya taarifa ya saa mbili.

Kabla hajaondoka, chukua nakala ya cheti, namba ya leseni yake na daraja lake, vipimo vya ethi, vipimo vya RCD na mchoro uliorekebishwa. Hakikisha daraja linafunika kazi aliyofanya. Fundi mwenye leseni ya fezi moja kusaini kazi ya fezi tatu ni sawa na kazi isiyosainiwa, na kampuni ya bima iliyokuja kuchunguza moto itaanza na karatasi hiyo.

Hatua ya 8: Matangazo ya nje

Gari la matangazo lina nyaya zake ndani, na sheria nyingi hulitazama tofauti na jengo. Utata unaanza pale waya wa gari unapofika uwanjani. Ukichomeka kwenye soketi ya viwandani iliyopo, iliyopimwa, umetumia kifaa tu. Ukifungua ubao wa breka wa uwanja na kufunga mikia ya waya kwenye mabaa (vyuma vinavyopitisha umeme ndani ya ubao), umefanya kazi ya umeme kwenye jengo la mtu mwingine, na hakuna msamaha wa mwajiriwa utakaokufunika. Wiki moja kabla ya shughuli, mwombe mwenye uwanja aandae soketi ya ukubwa unaoutaka kupitia fundi wake mwenye leseni. Siku yenyewe, kabla ya kuwasha chochote, pima volti kati ya laivu na nyutro, laivu na ethi, nyutro na ethi. Hiyo ya mwisho ikizidi volti chache, usiwashe. Multimita iwe imeandikwa CAT III au CAT IV, madaraja ya usalama ya vipimo. Ile ya bei ya chini ya kupimia betri inaweza kulipuka mkononi kwenye ubao mkubwa.

Hatua ya 9: Usiku, kituo kimezimika

Hapa ndipo watu huvunja sheria, na ni rahisi kuelewa kwa nini. Hewani kimya, simu zinalia, breka ya transmita haikai. Panga leo utakachofanya siku hiyo.

Tenga transmita kwenye swichi yake ya kutenga, weka kufuli lako na kibao chenye jina lako. Washa breka. Ikikaa, hitilafu iko upande wa mtambo, na ni kazi yako. Ikishtuka tena hali swichi ya kutenga bado imezimwa, hitilafu iko kwenye waya au breka, upande wa jengo. Usiendelee kuipandisha kwa nguvu; kila mara unayoipandisha kwenye shoti unaharibu breka na kuongeza hatari ya moto. Hamia transmita ya akiba kwenye soketi yake tofauti, hata kama ni ya wati 300, kituo kirudi hewani kwa nguvu ndogo. Kisha mpigie mkandarasi ambaye kituo kina mkataba naye wa dharura, mkataba ulioandikwa atafika ndani ya saa ngapi.

Kituo kisicho na mkataba huo ndicho kinachomsukuma fundi mitambo kufungua ubao saa tisa usiku. Sheria zingine zinaruhusu kazi ya dharura ifanyike kwanza na kibali kiombwe siku ya kazi inayofuata, ila anayeifanya bado anatakiwa kuwa na leseni. Msamaha ni wa karatasi, si wa mtu.

Hatua ya 10: Kama unataka leseni yako mwenyewe

Kwa fundi wa kituo cha mbali, ambako mwenye leseni aliye karibu yuko mwendo wa nusu siku, hili linafaa kufikiriwa kwa uzito. Ulizia kwanza leseni za mipaka: za matengenezo, za kufungua na kurudisha nyaya za kifaa, za nishati ndogo. Zikiwapo, huwa na masharti mepesi kuliko leseni kamili. Shahada au stashahada ya elektroniki huenda ikapunguza masharti ya masomo, lakini saa za kazi chini ya usimamizi kwa kawaida hazifutiki, hivyo anza kuziandika sasa: tarehe, kazi, aliyekusimamia na namba ya leseni yake. Kila mara mkandarasi anapokuja kituoni, fanya kazi naye na mwombe asaini daftari lako.

Ukiipata, angalia vitu viwili. Je, inakuruhusu kufanya kazi kwa mwajiri wako tu, au hata kwa wateja wengine? Mara nyingi kufanya kazi kwa wengine kunataka leseni ya ukandarasi juu ya ile ya mtu binafsi, pamoja na bima. Na inaisha lini? Tarehe hiyo iwekwe kwenye kalenda ileile ya leseni ya masafa na ukaguzi wa mnara, ikiwa na kengele miezi mitatu kabla, kwa sababu kuna mamlaka zinazodai saa za mafunzo kabla ya kuhuisha, na saa hizo hazipatikani kwa wiki moja.